Chake Chake Ianzie Majini

Assalamu alaykum wazee wangu, na nyinyi vijana mnaotembeza wageni.

Nimetakiwa nizungumzie vivutio vya Chake Chake, mji wetu hapa Pemba. Mgeni akitoka Wete au Mkoani hushushwa sokoni, akaona maduka na gari, akadhani ameshauona mji. Mimi nataka mumteremshe magharibi, mpaka pale mkono wa bahari unapokomea kwenye mikoko. Mto mkubwa hatuna. Tuna maji haya ya kujaa na kupwa, na ndiyo yaliyouweka mji hapa.

Karafuu ndizo zilizoutia nguvu. Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar inatoka kwetu. Lakini soko kuu lilikuwa Unguja mjini, kwa hiyo karafuu ya Pemba haikuwa mali mpaka ivuke bahari. Hebu pimeni uzito wa jambo hilo: shamba bila chombo si kitu. Leo vyombo vikubwa vinatia nanga Wesha, huku juu maji ni haba, na vijana wengi wanapita pale chini bila kujua kwamba palikuwa bandari. Hilo linaniuma.

Mkitoka hapo pandeni ngomeni. Sehemu kubwa ilibomolewa ili ipatikane nafasi ya hospitali. Kilichobaki ndiyo makumbusho yetu. Msikipite kwa sababu ni kidogo. Ndani yake mtawaeleza wageni habari za Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliokishika kisiwa hiki hadi Sayyid Said, mtawala wa Oman, alipokitwaa miaka ya 1820. Kisha wapelekeni Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu vinavyokamuliwa mafuta. Harufu ya mafuta itawapokea kabla hamjafika mlangoni.

Pujini ni upande wa pili, mashariki. Pale pana boma la Mkama Ndume, la karne ya 15, lenye kuta za udongo, na mfereji ulioingiza vyombo kutoka baharini. Mnaona? Hata yule mtawala tunayemsimulia kwa ukali wake alitaka maji yamfikie nyumbani.

Sasa Ras Mkumbuu, kwenye ncha ya rasi inayoufunga mkono wetu upande wa kaskazini. Msikiti wa kale upo, na makaburi ya nguzo yapo. Al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu, alifika kisiwa alichokiita Qanbalu mwaka 916, akakuta Waislamu wanaosema lugha ya Zanj, yaani ya watu weusi wa pwani hii. Wataalamu wengi wanaiweka Qanbalu hapa Pemba, na Mkumbuu ni miongoni mwa mahali panapotajwa. Basi msiwapeleke wageni kwa gari. Chukueni mashua Wesha, muulize wavuvi saa za maji kujaa, na mwende nao kwa njia waliyoijia wenyeji wa msikiti ule.