Fungua Mtaala Kabla Hujajaza Fomu

Mhadhara kwa wanafunzi wa kidato cha sita na wazazi wao, Morogoro

Wazazi wangu, shikamooni. Walimu, habari za asubuhi. Wadogo zangu, ninyi sitawachelewesha na salamu, maana najua mmetolewa kwenye pepa za majaribio kuja kunisikiliza. Mitihani yenu ni mwezi wa tano, matokeo ni Julai, na kabla hamjafua vizuri kombati za JKT dirisha la udahili litakuwa limefunguliwa. Hapo ndipo vijana wengi hukaa na simu usiku mmoja, wanajaza vyuo kwa jina lililowavutia, asubuhi wanasema, "Nimeomba Tehama." Tehama ipi?

Tuanze na jambo mnaloliona kila siku. Mama anauza chapati pale stendi ya Msamvu. Unamlipa kwa simu, kwa lipa namba. Unabonyeza, unaweka namba ya siri, ujumbe unaingia kwake, unaondoka na chapati zako. Hapo katikati kuna kazi za watu wa fani tofauti kabisa, na kila fani ina kozi yake chuoni.

Simu yako imeongea na mnara. Huo mnara, masafa yake, na mkongo unaoubeba mzigo wa data hadi Dar es Salaam, ni kazi ya mhandisi wa mawasiliano ya simu. Mashine zinazopokea ombi lako, jinsi zilivyoundwa ndani, vifaa vyake na umeme wake, hapo yupo mhandisi wa kompyuta. Programu iliyokuuliza namba ya siri imeandikwa, imejaribiwa na inatunzwa na watu wa uhandisi wa programu. Swali la kwa nini mfumo unaweza kutafuta akaunti yako katikati ya mamilioni ndani ya kufumba na kufumbua, hilo ni la sayansi ya kompyuta. Na yule aliyekaa na wahasibu wa kampuni akauliza ripoti ya jioni iwe na nini, nani aruhusiwe kuiona, makato yahesabiwe vipi, huyo amesoma mifumo ya habari. Wote wanaitwa "watu wa IT". Wote wanaombwa na wajomba zao kutengeneza printa. (Vicheko.)

Kwa hiyo ukisema unataka Tehama, nakuuliza: katika safari ya ile hela ya chapati, wewe ungependa ukae wapi?

Nitabaki hapo kidogo, maana pana utamu. Fikirini hela inatoka kwako, na kabla haijafika kwa mama, umeme unakatika kwenye mashine. Je, hela imepotea? Hapana. Ama hatua zote mbili za muamala, ya kukata na ya kuongeza, zinakamilika pamoja, ama hakuna inayokamilika. Kanuni hiyo ilifanyiwa kazi miaka ya 1970 na watafiti kama Jim Gray, ambaye mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Turing, heshima ya juu katika sayansi ya kompyuta, na inafundishwa katika somo la kanzidata, yaani hazina za taarifa ndani ya kompyuta, kwa kawaida mwaka wa pili. Kijana aliyeielewa anaweza kuingia benki yoyote, kampuni yoyote ya simu, na akafahamu kwa nini mfumo wao umejengwa ulivyojengwa. Aliyeikariri ili avuke sapu, ule mtihani wa marudio, ataandika programu inayomkata mteja mara mbili, na mteja hatamwelewa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Mtaala una mambo yanayozeeka haraka na mengine hayazeeki. Edgar Codd alieleza kanzidata za majedwali mwaka 1970. Leo hii, ukienda hospitali, benki au kwenye ofisi ya udahili ya chuo unachoomba, kuna kanzidata ya aina hiyo. Edsger Dijkstra alibuni mwaka 1956 njia ya kutafuta mkato mfupi kuliko yote kati ya vituo, na wazo lile bado linaelekeza ramani za simu zenu. Upande wa pili, kulikuwa na vijana waliosomea Flash, wakajenga tovuti zenye michoro inayocheza, wakalipwa vizuri. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe, kampuni iliyoimiliki, ikaacha kuihudumia, basi. Aliyekuwa anajua Flash tu alianza upya. Aliyekuwa anajua jinsi picha inavyochorwa kwenye kioo cha kompyuta alihamia chombo kingine wiki iliyofuata.

Ndiyo maana nasema: fungua mtaala kabla hujajaza fomu. Vyuo vingi huweka orodha ya masomo ya kila muhula kwenye tovuti zao. Ruka mwaka wa kwanza, maana huo unafanana karibu kila mahali. Nenda mwaka wa pili na wa tatu. Tafuta miundo ya data na algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta. Tafuta mifumo endeshi, kanzidata, mitandao ya kompyuta, takwimu, aljebra ya matriksi. Ukiyakuta, hiyo ni kozi yenye mifupa, hata kama jina lake halijapambwa. Ukikuta jina linang'aa, "akili unde" (AI) sijui na nini, halafu hisabati ni somo moja limekaa pembeni, jiulize hiyo akili itaundwa kwa kitu gani. Mitambo hiyo ndani yake ni aljebra, kalkulasi na takwimu.

Kwa shahada ya kwanza mimi huwashauri vijana wachukue kozi pana. Ubobezi, uwe wa usalama wa mitandao au wa akili unde, unakaa vizuri zaidi kwenye shahada ya pili au kazini. Najua wapo watakaobisha, na kozi za usalama wa mtandao kama ile ya Chuo Kikuu cha Dodoma zina wanafunzi wazuri. Lakini huwezi kulinda mtandao ambao hujui unavyofanya kazi, na kijana wa miaka 19 hajui bado anapenda kulinda au kujenga.

Kuna sababu nyingine ya kukwepa majina ya ajabu, na hii wazazi waichukue. Mkifungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya nafasi za Afisa Tehama, mtakuta yanataja fani: sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari, uhandisi wa kompyuta, au inayolingana nazo. Hilo neno "inayolingana" limewaliza watu. Cheti chako kikiwa na jina ambalo anayechuja maombi hajawahi kuliona, kazi ya kuthibitisha kwamba kinalingana ni yako. Kampuni binafsi zinaweza kukuuliza umetengeneza nini. Serikali inaanza na cheti. Vilevile, anayetaka siku moja kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi achague uhandisi tangu mwanzo. Sayansi ya kompyuta ni kozi nzuri, lakini haikufanyi mhandisi kwa macho ya bodi.

Sasa chuo. Mtu akiniuliza kipi ni bora, simjibu kwa jina. Namuuliza mji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeweka ndaki yake ya Tehama Kijitonyama, nje ya kampasi kuu ya Mlimani, eneo lilelile walipo COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, jirani na kampuni nyingi. Mwanafunzi akitoka darasani saa nane, saa tisa anaweza kuwa kwenye warsha au amekaa na watu wanaojenga kitu. Ndaki hiyohiyo ina watu waliofanya kazi na mradi wa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, na ambao wizara yetu ya afya inautumia kukusanya ripoti za vituo nchi nzima. Dodoma nako kuna hoja yake: wizara zimehamia kule, Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo kule, na mifumo ya serikali ina njaa ya watu. Hizi kontrol namba tunazolipia kila kitu, kuanzia maji hadi faini, zinatoka kwenye mfumo uliojengwa na wataalamu wetu wenyewe. Anayetaka kazi ya namna hiyo, kusoma Dodoma si kwenda mbali.

Nauliza mji kwa sababu ya fildi. Mafunzo kwa vitendo ndiyo yanayotenganisha wahitimu wawili wenye GPA moja. Mmoja alikaa kwenye ofisi akatoa fotokopi na kuweka antivirasi. Mwingine alikabidhiwa hitilafu halisi, akaitafuta siku nne, akaipata. Ulizeni wanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo mnachokitaka: fildi mlienda wapi, na mlifanya nini? Jibu lao lina uzito kuliko vipeperushi.

Nisisahau njia ya stashahada, maana kwenye vikao kama hivi huwa inapitiwa juu juu kana kwamba ni ya waliofeli. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ilianza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi, na hadi leo inapokea vijana waliomaliza kidato cha nne kwa stashahada ya uhandisi. Wanashika vifaa mapema. Anayemaliza na GPA isiyopungua 3.0 ana njia ya kuingia shahada. Nimefanya kazi na vijana wa njia hiyo: ukiwapa mashine iliyokufa hawaanzi kwa kuuliza mwongozo uko wapi, wanaifungua. Mzazi, kama mdogo wake huyu yuko kidato cha nne, anapenda vitu hivi na hana hamu ya miaka miwili ya kidato cha tano na sita, lifikirie hilo.

Fedha, kwa kifupi. Sayansi ya kompyuta kwa kawaida ni miaka mitatu, uhandisi ni minne. Mwaka mmoja zaidi ni ada zaidi, na mkopo zaidi. Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo, si chuoni, na nyaraka zake zianze kukusanywa sasa. Ukishaajiriwa, makato ya kuurudisha ni asilimia 15 ya mshahara. Wanaofikiria India au kwingineko nje, hakikisheni kwanza TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inakitambua chuo hicho, na mchukue barua yao ya kutokuwa na pingamizi kabla ya kukata tiketi. Na ukichaguliwa vyuo viwili au vitatu, thibitisha kimoja kwa ile namba ya siri utakayotumiwa, ndani ya muda. Kuna vijana wenye alama kali wanapoteza nafasi kila mwaka kwa sababu simu ilikuwa kwa shangazi.

Nimeona mikono. Tuanze na binti pale nyuma.

Anauliza: akili unde inaandika programu yenyewe, sasa kwa nini asome miaka mitatu kitu ambacho kompyuta inafanya? Swali zuri, na nimelitarajia tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022. Mimi mwenyewe naitumia kazini. Inaandika haraka, na inakosea kwa kujiamini. Juzi imenipa programu ya malipo iliyopendeza sana, ila ilikata hela kwanza bila kuhakikisha upande wa pili umepokea; lile suala letu la mama wa chapati. Asiyejua kanzidata angeipokea na kushukuru. Ninachokiona ni kwamba kazi ndogondogo ambazo mhitimu mpya alikuwa anajifunzia zimepungua, na hilo ni tatizo kweli, sitalifunika. Kwa hiyo usingoje fildi ya mwaka wa pili kugusa kitu halisi. Na ukiwa chuoni, zoezi la algoriti liandike mwenyewe kwanza, kwa kalamu ikibidi, kisha iulize mashine ulipokosea. Vyuo vyetu bado vinatoa mtihani wa kuandika programu kwenye karatasi. Watu hucheka, lakini siku hizi naona una kazi yake.

Mwingine. Baba yule anasema kijana wake yuko EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, je, amekosa? Hajakosa, mzee wangu. Uhandisi mwingi unadai Fizikia pamoja na Hisabati, kwa hiyo huo utamkataa. Lakini EGM ina Hisabati ya juu, na hiyo ndiyo inayofungua kozi nyingi za sayansi ya kompyuta na mifumo ya habari. Asome mwongozo wa udahili wa TCU, mstari wa kozi kwa kozi, maana masharti hayafanani hata kwa kozi zenye jina moja. Na uchumi alionao utamsaidia kuliko anavyodhani, mifumo mingi nchini inahusu fedha za watu.

Mama, la mwisho. Unauliza kompyuta ya kumnunulia mwanao. Usitoe mamilioni kwa ile mpya yenye taa za rangi, hiyo ni ya kuchezea magemu. Kariakoo kuna mpakato zilizotumika, za ofisi, imara. Akague RAM iwe GB 8 kwenda juu, diski iwe SSD, betri ikae angalau masaa matatu, na kibodi abonyeze kila kitufe palepale dukani mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela. Kisha mdai risiti.