Pima Kwanza Umbali wa Kiti Chako

Ndugu zangu, swali mnaloniuliza ni lilelile: niongeze fedha nichukue televisheni ya 4K, yenye vitone vingi zaidi vya picha, au ya Full HD inatosha? Nami nauliza lilelile: kiti chako kiko umbali gani na kioo? Watu hunitajia inchi, hunitajia bei, hunitajia jina la kampuni. Umbali hautajwi! Basi leo tunaanza na futikamba.

Jicho zima hutenganisha vitone viwili vikiachana kwa sehemu ya 60 ya digrii moja ya pembe. Vikikaribiana zaidi ya hapo, huonekana kitone kimoja. Sasa chukua televisheni ya inchi 55. Kioo chake kina upana wa sentimita 122 hivi. Full HD hupanga pikseli, yaani vitone vya picha, 1,920 kwenye upana huo, kila moja milimita 0.63. Ukipiga hesabu ya pembe, pikseli hiyo huacha kuonekana peke yake ukiwa mita 2.2. Kaa mita tatu, na tayari Full HD imelimaliza jicho lako. 4K ina pikseli milioni 8.3 dhidi ya milioni 2.1, ni kweli, lakini za ziada umezilipia na huzioni. Kuzifaidi zote, sogea mpaka mita 1.1. Nani anaweka kochi hapo?

Hesabu ya haraka: ulalo wa kioo, yaani kona hadi kona, kwa sentimita, zidisha kwa 1.56. Inchi 43 inakupa mita 1.7, inchi 65, mita 2.6. Ukikaa mbele ya kipimo hicho, 4K ina faida, na faida inakua kadiri unavyosogea. Ukikaa nyuma yake, fedha hiyo ipeleke kwingine.

Najua kuna atakayesema, "Mbona dukani tofauti niliiona?" Uliiona kwa sababu ulisimama hatua moja kutoka kwenye kioo, ukaonyeshwa video iliyopigwa kwa 4K halisi, na mwangaza umefunguliwa mpaka mwisho. Rudi nyuma kwa hatua za sebuleni kwako, kisha uniambie. Mwingine atasema macho yake ni makali kuliko ya wengine. Sawa, ongeza theluthi moja kwenye kipimo. Hesabu haibadiliki.

Na kama unataka inchi 50 kwenda juu, usijisumbue: karibu zote mpya ni 4K. Ubishi wa kweli uko kwenye inchi 43 kushuka, na kwenye 8K, yenye pikseli mara nne ya 4K. Hiyo 8K, kwa inchi 65, haianzi kukupa kitu mpaka ukae chini ya mita 1.3. Iacheni.

Muda unaniishia, kwa hiyo haya nayapitia tu. Chanzo cha picha: king'amuzi kikitoa Full HD, televisheni hujaza pikseli kwa kukisia, haileti undani ambao haukuwepo. Intaneti: filamu ya 4K huhitaji kasi ya takriban megabiti 15 kwa sekunde, karibu gigabaiti 7 kwa saa, na kasi ikishuka, ubora unashuka nao. Weusi wa kioo na mwangaza wake huonekana hata ukiwa mwisho wa chumba, kwa hiyo kwa fedha ileile mimi ningechukua Full HD yenye weusi mzito kuliko 4K iliyofifia. Na tundu la HDMI, linalopokea waya wa picha na sauti: toleo la 1.4 hupitisha 4K kwa fremu (picha) 30 tu kwa sekunde, na mpira wa miguu utauona unarukaruka. Ulizia 2.0, na ujue ni tundu lipi, maana si yote yaliyo nyuma ya televisheni moja hulingana.