Kuisoma nchi kipindi cha mvua: kutoka Tabora hadi Kigoma

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie safari ya gari tuliyoifanya marafiki wanne kutoka hapa Tabora hadi Kigoma, katikati ya Januari, mvua ikiwa imekolea. Kila tuliyemuaga alituuliza kwa nini tusingoje Juni, njia ikauke. Jibu langu ndilo mhadhara wenyewe: anayetaka kuijua nchi hii ya magharibi aje wakati inapolimwa.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Msafiri wa Agosti anaona miti imepukutisha, nyasi zimeungua, na barabara iliyonyooka. Anarudi kwao akisema huku ni pori tupu. Maneno hayo yananiuma, kwa sababu hapo alipoona pori, miezi michache nyuma palikuwa na mtu ameinama na jembe tangu alfajiri.

Kati yetu alikuwemo bwana shamba mstaafu. Sharti lake lilikuwa moja: dereva apunguze mwendo kila tunapoteremka bondeni. Kwa macho nchi hii ni tambarare, lakini ukikaa kwenye gari unagundua inashuka na kupanda taratibu, bonde baada ya bonde. Juu kwenye mwinuko udongo ni wa kichanga. Hapo utaona matuta ya karanga, mihogo, viazi vitamu, mahindi na tumbaku. Ukianza kushuka, udongo unageuka wa kijivu, mgumu chini, maji yanatuama. Chini kabisa ni mbuga: udongo mweusi unaovimba na kunata ukilowa, na kupasuka nyufa ukikauka. Hapo ni mpunga. Ukipanda upande wa pili, mpangilio unajirudia kinyumenyume. Baada ya mabonde machache hata mimi, mtoto wa mjini, nilianza kutaja zao kabla halijaonekana.

Jambo hili lina historia ambayo vijana wetu wa shule wanastahili kuijua. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, aliandika kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kutoka kilimani hadi bondeni kwa mpangilio unaojirudia. Wazo hilo leo linafundishwa vyuo vikuu duniani kote. Lakini wakulima wa Unyamwezi na Usukuma walikuwa wakilima kwa kuufuata mpangilio huohuo, na kila aina ya udongo ina jina lake vinywani mwao: luseni juu, itogolo kwenye mteremko, mbuga chini. Naona ni haki yao kutajwa pamoja na huyo mtaalamu.

Tulipoipita Urambo, kiasi cha kilomita 90 kutoka hapa, tulisimama kwenye bonde moja. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Mzee mmoja alikuwa ndani ya jaluba, yaani kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta, maji yakimfika juu ya vifundo vya miguu, na nyuma yake kina mama wawili wakipandikiza miche ya mpunga. Tukamwamkia, akaitikia, akaendelea na kazi. Alikata tuta kwa jembe, nafasi ya upana wa jembe tu, maji yakaanza kumiminika kwenye jaluba la chini. Hakuondoka. Alisimama akitazama mche mmoja uliokuwa karibu na tuta, maji yakishuka kwenye shina lake. Yalipofika mahali alipopataka yeye, akaziba kwa tope na kulishindilia kwa kisigino.

Nikamuuliza, "Baba, la chini ni lako pia?"

"La jirani," akasema. "Maji yake yanapita kwangu. Nikifunga, nimemnyima. Nikiachia yote, nimejinyima. Kwa hiyo nasimama hapa."

Bwana shamba wetu akatuonyesha jambo jingine palepale. Barabara inapovuka mbuga hujengwa juu ya tuta refu, na chini yake huwekwa makalavati ya kupitishia maji. Tuta hilo huzuia maji upande mmoja, na wakulima wameliona: majaluba yamejipanga kufuata barabara. Naomba wahandisi waliomo humu ukumbini walifikirie hili. Kalavati likiwekwa juu mno au chini mno, kuna familia inapoteza mpunga wake.

Sasa tumbaku. Januari uvunaji wa tumbaku ya mvuke unaanza. Majani ya chini huchumwa kwanza, yanafungwa kwenye vijiti, yananing'inizwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, na moto unakokwa mchana na usiku kwa siku kadhaa, kwanza mdogo ili jani ligeuke njano, kisha mkali ili likauke. Moshi wake tuliusikia kabla ya kuyaona mabani. Zao hili limesomesha watoto wengi wa mkoa huu, na siwezi kulibeza mbele yenu. Lakini kuni zake zinatoka miyomboni, misitu yetu ya asili, na miyombo hiyo ndiyo inayolisha nyuki wa asali tunayojivunia. Mkulima huagizwa kupanda miti, nayo hupandwa, ila mti wa kupandwa kwa ajili ya kuni haurudishi msitu. Nalisema hili kwa uchungu.

Na Urambo ina funzo lake la zamani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Walikuja na matrekta mazito, wakang'oa miti kwa haraka, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Kule Kongwa udongo ulipokauka ulikuwa mgumu kiasi cha kushindikana kuchimba karanga zilizokuwa tayari ardhini. Wenyeji wangeweza kuwaambia, lau wangeulizwa.

Baada ya Kaliua nchi inakuwa ya maji. Mnakaribia mto Malagarasi, na ardhioevu ya Malagarasi na Muyovosi, hekta zipatazo milioni 3.25, ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Mvua inayonyesha huku haikimbilii ziwani moja kwa moja. Inakaa kwenye matete na kushuka polepole.

Uvinza tulipita haraka. Zamani kabla ya Wajerumani watu walitoka mbali kuja kupika chumvi kwenye chemchemi zake, nao walikuja kiangazi, maana masika mto hufurika na kuzifunika.

Kisha milima inaanza, na michikichi. Hapa mimi nilishuka garini nikakataa kupanda tena mpaka nionyeshwe kila kitu. Kwenye uwanja wa nyumba moja chikichi zilikuwa zinachemka kwenye pipa, kijana anazungusha kwa mkono mashine ya kukamulia, na mawese yanatoka mekundu, mazito, yakitoa mvuke. Pembeni mise, yaani kokwa za chikichi, zimeanikwa chini ya turubai kwa ajili ya mvua. Mama mwenye nyumba alikuwa na miche ya tenera, ile mbegu chotara yenye nyama nyingi, ameipanda katikati ya maharage. Mche huo unahitaji miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, kwa hiyo maharage ndiyo yanayomlisha akingoja. Alitueleza hesabu yake yote akiwa amesimama kwenye manyunyu, bila haraka, na alipoona naandika alinyamaza hadi nimalize mstari.

Nimeacha Ujiji na samaki wa migebuka kwa makusudi, maana hayo mnayasikia kila siku. Mzee pale nyuma, umenyoosha mkono tangu nilipotaja itogolo. Karibu uanze wewe.