Nani Hakulitunza Gari, Mwenye Gari au Gereji? Jibu kwa Mama wa Ipuli na Watu Wote wa Tabora

Ndugu zangu wa Tabora, na wote mnaonitazama kutoka Urambo, Sikonge, Nzega na Kaliua, wakubwa wangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo. Nipo Sacramento, jimbo la California, na leo nitazungumzia jambo moja tu, nalo ni ugomvi unaozuka kati ya mwenye gari na wale aliowakabidhi gari ili walitunze. Mama mmoja wa Ipuli ameniandikia kwamba Noah ya mwanawe, inayoendeshwa na dereva wa hesabu, ilianza kugonga injini muda mfupi baada ya kutoka sevisi. Mwenye gari anadai fundi hakubadilisha oili aliyolipwa kubadilisha, na fundi naye anadai gari lilifika kwake likiwa limekwisha kuharibika kwa kupitishiwa muda wa sevisi. Mama anauliza kama huku, kwenye kampuni kubwa zinazouza magari mapya na kuyafanyia matengenezo zenyewe, mambo kama haya yapo, na yakitokea yanaamuliwaje.

Yapo, mama yangu, tena ni mengi. Kampuni inayouza magari mapya huku huwa na idara yake ya matengenezo, yenye ukumbi safi, kahawa ya bure na mafundi waliovaa sare, na mtu akiingia pale mara ya kwanza hudhani hawezi kudhulumiwa. Lakini mwajiri wa idara ile ndiye anayeuza spea, na kwenye kampuni nyingi yule anayekupokea kaunta hulipwa kamisheni kwa kila kazi anayokushawishi uikubali. Fundi aliyeko ndani mara nyingi halipwi kwa saa alizotumia, bali kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha viwango, kwa hiyo kazi ya saa mbili akiimaliza kwa saa moja hulipwa mbili, na ikimchukua nne hulipwa zile zile mbili. Simwambii mtu kwamba watu hawa ni wezi, maana wengi wao ni mafundi hodari na waaminifu. Ninachosema ni kwamba malipo ya namna hii humsukuma mtu kuharakisha, na humsukuma yule wa kaunta kukuuzia usafishaji wa hiki na kile ambao kitabu cha gari lako wala hakiutaji.

Kisa kinachofanana zaidi na cha mama kinahusu magari mnayoyafahamu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wenye magari ya Toyota na Lexus huku Marekani walianza kulalamika kwamba oili ndani ya injini zao inageuka tope zito jeusi, njia za oili zinaziba na injini zinakufa. Zilikuwa injini za silinda sita za lita 3.0 na za silinda nne za lita 2.2, kwenye magari ya kati ya mwaka 1997 na 2002, yapata milioni 3.3 kwa jumla, na miongoni mwake ilikuwamo Lexus RX 300, ambayo kwetu mnaijua kwa jina la Harrier, ile ya toleo la kwanza. Mteja alipolipeleka gari lake kwenye matengenezo akiwa na waranti mkononi, yaani dhamana ya kampuni ya kutengeneza gari bure likiharibika, wengi walijibiwa kwamba kosa ni lao, hawakubadilisha oili kwa wakati, na waranti hailipii uzembe. Wenyewe walisema walikuwa wakibadilisha, na kwamba injini zile zina kasoro ya muundo.

Mwaka 2002 Toyota ilitangaza utaratibu wa kuwatengenezea wateja hao kwa muda wa miaka 8 tangu gari liliponunuliwa, bila kujali limetembea umbali gani, mradi mteja aoneshe ushahidi wa kuridhisha kwamba alibadilisha oili angalau mara moja kwa mwaka. Kampuni haikukiri kwamba injini zina kasoro, na mashauri ya mahakamani yalifikia suluhu miaka kadhaa baadaye, mwaka 2007. Naomba mtazame vizuri sharti lile la ushahidi. Katika magari yote hayo, mwenye risiti moja ya oili kwa mwaka alikuwa na pa kusimamia, na aliyekuwa akibadilisha kwa uaminifu pasipo kuhifadhi hata kipande cha karatasi alikuwa na maneno yake tu.

Sheria nayo inafuata mkondo huo. Mwaka 1975 Marekani ilipata sheria ya waranti inayobeba majina ya seneta Warren Magnuson na mbunge John Moss, na huyu Moss alikuwa mbunge wa hapa hapa Sacramento. Kwa sheria hiyo, kampuni haiwezi kukunyima waranti kwa sababu tu gari lako lilifanyiwa sevisi gereji ya mtaani au liliwekewa filta ya kampuni nyingine. Ni lazima ioneshe kwamba filta ile au kazi ile ndiyo iliyoleta uharibifu. Wengi hawalijui hilo, na hulipa bei kubwa miaka na miaka kwa kuogopa kupoteza waranti ambayo isingepotea. Jimbo la California limekwenda mbali zaidi: gereji inatakiwa ikupe makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya kuanza kazi, ipate idhini yako kabla ya kuongeza kazi nyingine, na ikurudishie spea za zamani ukiziomba wakati wa kuliacha gari, isipokuwa zile zinazotakiwa kurudishwa kiwandani.

Hilo la spea za zamani nililiona faida yake mwenyewe. Nina mazoea niliyoyarithi kwa marehemu baba, aliyekuwa fundi katika karakana ya reli pale Tabora, ya kuandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila kifaa ninachofunga kwa mkono wangu. Kampuni moja ya hapa, ambayo sitaitaja, ilinipa ankara yenye mstari uliosema kwamba chujio la hewa ya ndani ya gari limebadilishwa, kwa dola 80 na ushei. Nikaomba lile la zamani, nikaambiwa limeshatupwa. Nikakifungua kile kidroo kilicho mbele ya abiria, nikakishusha, nikalichomoa chujio mbele ya yule wa kaunta: lilikuwa la kijivu, limenasa jani kavu na manyoya ya paka, na pembeni kabisa paliandikwa tarehe kwa mwandiko wangu. Hapakuwa na mabishano. Meneja aliitwa, akaitazama ankara, akalitazama chujio, akarudisha pesa na kuomba radhi. Nawaeleza haya kwa sababu sikupaza sauti wala sikuwa na wakili. Karatasi yao wenyewe ilisema jambo moja na kile kifaa kikasema jingine.

Sasa turudi nyumbani, ambako hali ni tofauti na kwa namna fulani ni ngumu zaidi. Magari yetu mengi yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani, hayana waranti ya kiwanda, na anayeyatunza ni fundi wa gereji chini ya mwembe, ambaye mara nyingi ni hodari kuliko anavyolipwa. Kazi hupatana kwa mdomo. Mwenye gari hununua oili mwenyewe, wakati mwingine ile ya kupima, au humtuma fundi dukani na baadaye humshuku kwamba ameweka cha juu. Kwenye gari la hesabu anaongezeka mtu wa tatu, maana tajiri hutoa pesa ya sevisi kwa dereva, dereva huipeleka gereji, na injini ikigonga watu watatu husimama kila mmoja akiwanyoshea wenzake kidole. Mama yangu, kabla hujauliza kama fundi alibadilisha oili, muulize mwanao kama ana uhakika kwamba pesa yote aliyoitoa ilifika gereji, na muulize pasipo kumshutumu dereva, kwa sababu huenda naye ameonewa.

Kuna jambo la ardhi yetu pia. Vitabu vya magari vinapotaja muda wa kubadilisha oili hutoa vipimo viwili, kimoja cha matumizi ya kawaida na kingine kifupi zaidi cha matumizi magumu, na miongoni mwa matumizi magumu huandikwa barabara za vumbi na kubeba mizigo mizito. Gari linalokwenda vijiji vya Urambo na Sikonge wakati wa kiangazi, au linalobeba marobota ya tumbaku, liko kwenye kundi hilo la pili, hata kama mwenyewe anaishi mjini. Eya klina yake huziba mapema na oili huchafuka mapema. Fundi anayemwambia mteja alete gari kabla ya muda uliozoeleka hamtafutii pesa. Anamwambia kile ambacho kiwanda chenyewe kimeandika.

Kwa Noah yenyewe, kama bado haijafunguliwa, isiwashwe tena. Oili iliyomo imwagwe kwenye chombo safi na ihifadhiwe, filta itolewe na ihifadhiwe pia, kisha aitwe fundi mwingine ambaye pande zote zinamkubali, awepo tajiri, awepo dereva, awepo na fundi aliyefanya sevisi. Filta ikikatwa itaonesha kama ndani kuna chembe za chuma na kama ni mpya au ni ile ile ya zamani. Oili mpya ya injini ya petroli huwa na rangi ya asali yetu mbichi, na haigeuki nyeusi tititi kwa siku chache isipokuwa imeingia kwenye injini iliyokuwa imejaa uchafu, jambo ambalo nalo lingempa fundi haki. Kwenye dizeli msitumie kipimo cha rangi, kwa sababu huko oili huwa nyeusi mara tu baada ya kubadilishwa.

Likishindikana kwa mazungumzo, Tanzania si nchi isiyo na sheria. Sheria ya Mikataba inayatambua hata makubaliano ya mdomo, ingawa kazi huwa ni kuyathibitisha, na inamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza mali yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Hata hivyo huko kote mtaulizwa swali lile lile: mna ushahidi gani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali inayopotea kidogo kidogo, sevisi kwa sevisi. Risiti ya EFD ya duka la spea, ujumbe wa malipo kwenye simu, picha ya dashibodi inayoonesha kilometa siku gari lilipoingia gereji, vyote hivi havigharimu kitu na kila mmoja wenu anaweza kuvihifadhi leo.

Na kaka zangu mafundi wa Tabora, msidhani nawasemea wenye magari peke yao. Daftari linawalinda ninyi kuliko mtu yeyote. Mteja akileta oili yake ya kupima, andikeni kwamba oili ililetwa na mteja. Ukimwambia kwamba bushi zimekwisha au kwamba rejeta inavuja, naye akajibu atarudi mwisho wa mwezi, andika ulichomwambia na umwombe atie sahihi, ili siku gari likichemka njiani kuelekea Nzega asije akasema hukuona. Na ukiwa umefanya kazi uliyoagizwa, sheria hiyo hiyo ya mikataba inakupa haki ya kulizuia gari mpaka ulipwe ujira wako, kwa hiyo usikubali kutishwa na mtu mwenye cheo anayetaka kuondoka na funguo kwa ahadi.

Nimetengeneza kadi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, yenye nafasi ya tarehe, kilometa, kazi iliyoombwa, bei iliyokubaliwa, nani amenunua spea, fundi ameona nini kingine, na sahihi mbili, tatu kama kuna dereva. Ipo hapo chini ya video, na steshenari yoyote ya mjini inaweza kuichapa. Mwenye gereji anayetaka iwekwe jina la gereji yake aniandikie, nitamtengenezea bila malipo.