Aliuza au Aliuzishwa? Malundo ya Ngano ya Van Gogh na Wenyewe

Asanteni kwa kunialika. Mada ni historia ya umiliki wa kazi za sanaa, na kama ilivyo kawaida yangu nitashika kazi moja tu. Anayetaka kujua namna ya kusoma umiliki atajifunza zaidi kwa karatasi moja aliyoigeuza mpaka mgongoni kuliko kwa mia alizozitazama usoni. Habari za Van Gogh mwenyewe, mchoraji wa Kiholanzi, yaani sikio, maradhi na nduguye Theo, mnazo. Naziruka.

Kazi yenyewe inaitwa Meules de blé, yaani malundo ya ngano. Ilifanyika Arles, kusini mwa Ufaransa, Juni 1888, wakati wa mavuno. Ni karatasi ya sentimita 48.5 kwa 60.4. Chini kuna penseli. Juu yake rangi ya maji na guashi, yaani rangi ya maji iliyo nzito. Kisha wino, uliopigwa kwa kalamu na kwa brashi. Malundo yameijaza karatasi karibu yote, mapana na mazito kama vibanda vilivyoezekwa makuti hadi chini, na watu waliopo miguuni pake wameonekana wadogo. Mchoraji alikuwa shambani kwenye jua kali pamoja na wavunaji, na wino unaonyesha haraka hiyo: mistari mifupi, mikavu, inayofuata mwelekeo wa mabua.

Nasema ngano, na ninalisisitiza neno hilo. Katalogi nyingi zimeandika malundo ya nyasi kavu, kama chakula cha ng'ombe. Hiyo si nyasi. Ni miganda ya ngano iliyopangwa masuke yakiwa ndani ili mvua isiyaozeshe kabla ya kupurwa. Mtaniambia hilo ni jambo la mkulima, mwanahistoria linamhusu nini? Linamhusu sana. Majira hayo hayo ya mavuno Van Gogh alichora malundo ya namna hii kwa rangi ya mafuta pia, na turubai hiyo iko kwenye Makumbusho ya Kröller-Müller, Otterlo, Uholanzi. Jina likihama kutoka ngano kwenda nyasi, na kutoka Kifaransa kwenda Kijerumani kisha Kiingereza, mtafutaji anayefuata jina peke yake ataangukia kazi nyingine na kumpa mtu mmoja mali ya mwenzake. Jina halitambulishi kazi. Kazi hutambulishwa kwa malighafi yake na vipimo vyake, urefu wa kwenda juu ukiandikwa kwanza, pamoja na kilichochorwa. Na mkipima karatasi, pimeni karatasi nzima, si kile kinachoonekana ndani ya fremu. Paspatu, ile kadibodi inayoizunguka kazi ndani ya fremu, hufunika sentimita moja au mbili kila upande, na katalogi ya zamani iliyopima dirisha la paspatu itawapa tarakimu tofauti kwa karatasi ile ile. Watu wameacha njia sahihi kwa sababu ya sentimita mbili.

Sasa mnyororo wa wamiliki. Kazi zilikuwa kwa Theo; alifariki Januari 1891, zikabaki kwa mjane wake, Jo van Gogh-Bonger. Mwaka 1905 Jo aliandaa maonyesho makubwa Amsterdam, kwenye Makumbusho ya Stedelijk, kazi zaidi ya 470, na hii ilikuwemo. Mwaka 1913 iko kwa Max Meirowsky, mwenye kiwanda, Myahudi, mkazi wa Ujerumani. Mwaka 1938 Meirowsky anaikimbia Ujerumani, na kazi iko mikononi mwa dalali wa sanaa Paul Graupe, Paris. Kutoka kwa Graupe inakwenda kwa Alexandrine de Rothschild, hapo hapo Paris. Vita vinaanza, Alexandrine anakimbilia Uswisi, Wanazi wanaitwaa mali yake. Inapelekwa Jeu de Paume, jengo la Paris walilolifanya ghala, kisha kasri la Kogl, Austria. Halafu kimya. Mwaka 1978 iko New York kwenye nyumba ya sanaa ya Wildenstein, na 1979 anainunua Edwin Cox, tajiri wa mafuta wa Texas. Cox anafariki 2020. Tarehe 11 Novemba 2021, mnadani Christie's, New York, inauzwa kwa dola 35,855,000, bei ya juu kuliko ya kazi yoyote ya Van Gogh ya karatasi kabla yake. Rekodi hiyo ilikuwa ikishikiliwa na mandhari nyingine ya mavuno ya Provence, iliyouzwa London mwaka 1997.

Magazeti yaliandika bei. Mimi nataka mtazame 1938.

Ukisoma orodha za umiliki za zamani, miaka kama hiyo huandikwa kwa neno moja: "iliuzwa". Nimelipigia kelele neno hili kila nilipopewa kipaza sauti, na leo nitalipigia tena, kwa sababu Kiswahili kinatupa chombo ambacho lugha nyingi za katalogi hazina. Sisi tunajua kauli za vitenzi tangu darasani. Aliuza. Iliuzwa. Na ipo ya tatu, ya kutendeshwa: aliuzishwa. Aliyeuza alitaka. Aliyeuzishwa aliwekwa mahali ambapo kutouza kulikuwa kupoteza vyote. Hati ya mauzo ya hao wawili inaweza kufanana kwa kila kitu, bei ipo, sahihi ipo, risiti ipo. Kinachotofautisha ni sheria iliyokuwa ikifanya kazi siku ile.

Basi tuitazame sheria. Ujerumani ilikuwa na kodi ya kukimbia nchi, iliyowekwa Desemba 1931, kabla hata ya Hitler kushika madaraka, kwa ajili ya kuzuia mitaji kuhamishwa. Kiwango kilikuwa asilimia 25 ya mali. Mwanzoni iliwagusa wenye mali ya kuanzia Reichsmark 200,000, fedha ya Ujerumani ya wakati huo. Mwaka 1934 kikomo kikashushwa hadi 50,000, ikawanasa hata watu wa maisha ya kati. Tarehe 26 Aprili 1938 ikatoka amri kwamba kila Myahudi mwenye mali inayozidi Reichsmark 5,000 aiorodheshe yote serikalini, michoro ikiwemo. Novemba mwaka huo huo, baada ya masinagogi kuchomwa moto, Wayahudi wakatozwa kwa pamoja Reichsmark bilioni moja; kila mtu akatakiwa kutoa asilimia 20 ya mali aliyoorodhesha, baadaye ikawa 25. Kilichosalia kikawekwa kwenye akaunti zilizofungwa, ambazo mwenyewe haruhusiwi kutoa fedha bila kibali, na akiruhusiwa kuzipeleka nje anabadilishiwa kwa hasara kubwa. Weka juu ya hayo nauli, viza na dhamana. Mtu wa namna hiyo akitoa kazi ya sanaa aliyokaa nayo miaka 25, mnaandikaje kitenzi?

Kuna anayesema: lakini kazi ilikuwa Paris, si Berlin, na 1938 Paris ilikuwa huru. Pingamizi hili nalijua, na halitoshi. Shinikizo halikuwa juu ya karatasi, lilikuwa juu ya mtu. Mahali kitu kilipouzwa ni swali moja. Kwa nini mwenyewe alilazimika kukitoa ni lingine. Graupe mwenyewe alikuwa Myahudi aliyeondoshwa kwenye biashara yake Berlin. Na mnunuzi, Alexandrine, alikuwa Myahudi ambaye miaka miwili baadaye naye alinyang'anywa. Hakuna mwovu katika meza ile ya mauzo, na bado mauzo yana kasoro. Watu huchoka hapo, wanataka mwizi na mwibiwa. Katika karatasi hii kuna familia mbili zilizopoteza kitu kimoja kwa njia mbili: ya kwanza iliuzishwa, ya pili ilinyang'anywa.

Pingamizi lingine: alilipwa, basi anadai nini? Mataifa ya Muungano, yaliyokuwa yakipigana na Ujerumani, yalijibu hili vita vikiwa bado vinaendelea. Tarehe 5 Januari 1943, kwa Tamko la London, yalijiwekea haki ya kubatilisha uhamishaji wa mali uliofanyika chini ya adui, hata ule uliovaa sura ya halali na kuonekana wa hiari. Ufaransa ikatunga amri yake ya kubatilisha Aprili 1945. Kanuni za Washington za 1998, zilizokubaliwa na nchi 44, zilizungumzia kazi za sanaa zilizonyang'anywa na Wanazi. Tamko la Terezin la 2009 likataja wazi mauzo ya kulazimishwa. Kwa hiyo suala hili halikubuniwa na mawakili wa juzi.

Nikumbushe pia nukta. Makumbusho mengi ya Marekani yana utaratibu wa kuandika umiliki: nukta mkato kati ya majina mawili maana yake kitu kilitoka kwa wa kwanza moja kwa moja kikaenda kwa wa pili, nukta kamili maana yake kuna pengo. Alama ndogo kabisa. Mwandishi asiyejali akiweka nukta mkato baada ya Kogl na kuandika New York, amefuta miaka zaidi ya 30. Mkiandika, andikeni pengo kama pengo. Na "mkusanyo binafsi, Ulaya" kwa miaka kati ya 1933 na 1945 hesabuni ni pengo, hata kama limepambwa kwa maneno.

Nimejua kuna swali linalowachoma baadhi yenu: haya ya Ulaya yanatuhusu nini? Chukueni vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu. Makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30, vikafika Nairobi 2019, lakini kumbukumbu za madalali zilizoambatana navyo hazikusema vilichukuliwa kwenye kaya gani, wala kwa ukoo upi. Linganisheni na viwili vilivyoibwa 1985 vikaonekana Marekani, kimoja Illinois na kingine Virginia. Hivyo vilirudishwa kwa ukoo wenyewe mwaka 2007, kwa sababu mtafiti alikuwa amevipiga picha vikiwa vimesimama mahali pake, mwenyewe akiwa mbele yake, muda mfupi kabla ya wizi. Picha moja yenye mahali na mtu ilishinda rejesta nzima ya dalali.

Muda umenibana, kwa hiyo yaliyobaki nayasema mbio.

Jeu de Paume. Wanazi walitumia jengo hilo kuanzia vuli ya 1940 hadi Agosti 1944 kama ghala la kupokelea mali zilizotwaliwa Ufaransa, wakazisajili zaidi ya 20,000. Kila kitu kilipewa herufi za mwenyewe na namba: R kwa Rothschild, SEL kwa Seligmann, UNB kwa asiyejulikana, MA-B kwa picha zilizotolewa kwenye nyumba za watu pamoja na samani. Namba iliandikwa mgongoni au kwenye fremu, kwa wino au kwa chapa. Kadi zenyewe zinapatikana mtandaoni tangu 2010, hazina malipo. Anzeni hapo. Na Rose Valland, mtumishi wa makumbusho aliyejua Kijerumani bila wakubwa wake wa Kinazi kujua, aliandika kwa siri mizigo ilikokwenda. Bila daftari zake majina kama Kogl yangepatikana kwa shida sana.

Karatasi ina tabu zaidi kuliko turubai. Fremu hubadilishwa, na lebo zote huondoka nayo. Mgongo wa karatasi mara nyingi umegandishwa kwenye kadibodi; mkiona hivyo msibandue wenyewe, mwacheni fundi wa karatasi, kwa sababu gundi ya zamani hutoka na maandishi. Maandishi yaliyofutwa yaangalieni kwa taa ya urujuanimno. Alama ya maji, yaani chapa iliyo ndani ya karatasi yenyewe, itazameni kwa mwanga unaotoka nyuma. Msiiache kazi mezani chini ya taa kali: kiwango cha mwanga kwa karatasi yenye rangi ni lux 50, na kilichofifia hakirudi.

Sheria. New York haimpi mnunuzi hati safi ya kitu cha wizi, hata akinunua kwa nia njema, na muda wa kudai huanza kuhesabika mwenye mali akidai na kukataliwa. Uswisi humlinda mnunuzi wa nia njema baada ya miaka mitano, ingawa kwa mali za utamaduni tangu 2005 imekuwa 30. Karatasi ile ile, haki tofauti, kutegemea ilipita mpaka upi. Ndiyo maana 2021 hakuna aliyekimbilia mahakamani: upande wa Cox, warithi wa Meirowsky na warithi wa Rothschild walikubaliana kwanza, ndipo kazi ikapanda mnadani, na fedha zikagawanywa kwa makubaliano yaliyobaki siri yao. Mnajua wenyewe kiwanja chenye kesi kinavyokosa mnunuzi. Picha ni hivyo hivyo.

Nilikusudia kueleza pia vitabu vya hesabu vya Jo, ambamo mauzo mengi ya mwanzo yameandikwa kwa mkono wake, lakini nimeishiwa dakika. Maswali karibuni. Na walioleta kazi zao tuzitazame, wazipange mezani sasa, mgongo juu.