Gari linalozima kwenye sailensi: tuanze na hewa

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana.

Nimeombwa kama fundi nizungumzie magari ya zamani yanayotetemeka na kuzima yakiwa sailensi, yaani yamesimama, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Naanza na mzee mmoja wa Hombolo aliyekuwa akileta zabibu mjini kwa gari la mwaka 1994. Njiani lilikwenda vizuri kabisa. Likifika kwenye mataa linaanza kutikisika, kioo cha pembeni kinacheza, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika unashuka kutoka 800 hadi 400, linazima. Nyuma yake honi tupu.

Alipokuja kwangu nilimwambia anunue plagi. Akanunua. Siku ya tatu akarudi, nikamwambia ni pampu ya petroli. Akauza mbuzi, akanunua pampu. Gari likaendelea kuzima. Jambo hilo linaniuma hadi leo, maana fedha yake niliiteketeza mimi kwa kubahatisha, na mzee wa watu hakunisema. Alikaa kwenye benchi akinitazama.

Mara ya tatu ndipo nilipotulia. Nikachukua chupa ya kunyunyizia maji, ile wanayotumia vinyozi, nikaliacha gari likiunguruma na kuanza kunyunyizia mipira ya hewa mmoja mmoja, nikikwepa plagi na nyaya. Nilipofika kwenye mpira mmoja mwembamba kama kidole cha mwisho, unaotoka kwenye kava la valvu, kile kifuniko cha juu ya injini, kwenda kwenye manifodi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, injini ikabadilisha sauti. Ikatulia kama sekunde mbili, kisha ikaanza kutikisika tena. Nikazima, nikauchomoa mpira, nikaukunja. Upande wa chini, ambao jicho haliuoni, ukafunguka mpasuko kama ufa wa kisigino wakati wa kiangazi. Jua letu la Dodoma na joto la injini vilikuwa vimeukausha. Mpira mpya ulikuwa bei ya soda mbili.

Sasa naomba tuelewane kwa nini kipande kidogo vile kilizima gari zima. Petroli inaungua vizuri ikikutana na hewa kiasi cha gramu 14.7 kwa kila gramu moja ya petroli. Gari likiwa sailensi, mlango wa throto, ule unaoruhusu hewa kuingia kwenye injini, umefungwa karibu wote, na pistoni zinavuta hewa kwa nguvu nyuma ya mlango huo. Palipo na tundu, hewa itapita hapo. Hewa hiyo haikupimwa na mtu, kwa hiyo petroli inayotolewa haiitoshi, na silinda zinaanza kumisi, yaani petroli haiungui sawasawa. Ukikanyaga mafuta, mlango unafunguka, hewa inaingia tele, na ile ya kwenye ufa inakuwa si kitu. Kijiko cha chumvi kinaharibu kikombe cha uji, lakini ukikitia kwenye sufuria la msibani hakuna atakayekionja.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mteja siku hizi ni hili: ukikanyaga, tatizo linapotea au linazidi? Likipotea, natafuta hewa inayoingia kwa wizi. Likizidi, gari likakosa nguvu kwa mfano unapopanda Nyang'oro kuelekea Iringa, hapo ndipo naanza kufikiria pampu, chujio la petroli, au koili inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi. Mzee wa Hombolo angeulizwa swali hilo siku ya kwanza, mbuzi wake angebaki zizini.

Kanyaga pia breki gari likiwa limesimama. Ukisikia mlio wa hewa na injini ikayumba, kagua busta ya breki, kile chombo kinachokusaidia kukanyaga breki kwa wepesi, pamoja na mpira wa hewa unaokwenda kwenye busta hiyo, na usilirudishe gari hilo barabarani kabla ya kurekebisha, kwa sababu hapo breki yenyewe imo hatarini.

Mipira ikiwa mizima, fungua throto. Vumbi letu likipita kwenye chujio lililochoka linachanganyika na mvuke wa oili, linaganda kuzunguka mlango kama masizi ya chungu, na kijia cha hewa ya sailensi kinaziba. Safisha kwa dawa yake na kitambaa laini, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Dawa ile inashika moto haraka, na nimeshaona nyusi za kijana zikiungua.

Plagi zinasomeka pia. Rangi ya udongo mkavu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe, hewa imezidi. Ikiwa imelowa oili, tayarisha moyo, maana tunazungumzia ringi za pistoni au sili za valvu, zinazozuia oili isiingie kwenye silinda.

Na mashine ya kusoma makosa ya injini? Ninayo na ninaitumia. Lakini ikiandika namba ya kosa P0171, inasema hewa imezidi petroli, basi. Haisemi hewa imeingilia wapi. Nimeona watu wakibadilisha sensa ya oksijeni, inayopima moshi wa ekzosi, kwa namba hiyo, na sensa ilikuwa inasema kweli muda wote.

Nimeleta gari moja, liko nje chini ya mwarobaini, linazima kama la yule mzee. Sijaligusa. Limeshapoa, na nataka tuliwashe likiwa baridi tusikie sauti yake ya kwanza, kwa hiyo asiliguse mtu mpaka tufike wote. Chupa ya maji atashika binti yule aliyekaa mbele.