Viti Thelathini na Kimoja: Chama Kidogo cha Denmark na Kura ya Mtumishi wa Ndani

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, kamwene.

Mliowahi kunisikiliza mnajua ninakoelekea, na naona mzee mmoja hapo mbele ameshaanza kutabasamu. Kila ninapozungumzia vyama vidogo hapa Iringa, mtu huinuka akaniuliza, "Mwalimu, hicho chama kina wabunge wangapi?" kisha hukaa akiamini kwamba mjadala amekwisha kuufunga. Leo nitamjibu kwa namba, ila namba zenyewe ni za Denmark.

Chama chenyewe kinaitwa Radikale Venstre, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa kama "Mrengo wa Kushoto Wenye Msimamo Mkali", ingawa kwa zaidi ya miaka mia kimekaa katikati, kikishikilia uliberali wa kijamii kwa upole wa kuchosha. Msinilaumu mimi kwa jina hilo. Lilitokana na ugomvi ndani ya Venstre, chama cha wakulima kilichoingia madarakani mwaka 1901 na kikaanza mapema kuwasahau waliokibeba. Wabunge waliopinga kuongezwa kwa matumizi ya jeshi walifukuzwa mwanzoni mwa mwaka 1905, na tarehe 21 Mei mwaka huo wakaanzisha chama chao katika mji wa Odense.

Juu juu ugomvi ulikuwa wa mizinga na ngome. Chini yake palikuwa na ardhi. Venstre ilikuwa ya wakulima wenye mashamba ya kujitosheleza. Waliohama walifuatwa na walimu, wasomi wa Copenhagen, na hasa watu ambao Wadenmark huwaita husmænd, yaani "watu wa nyumba": mtu mwenye kijumba na kipande cha ardhi kisichotosha kulisha watoto, ambaye hulima bustani yake alfajiri kisha huenda kibarua kwa mwenye shamba kubwa. Aliyetoka Mufindi, akaona watu wakirudi jioni kutoka kuchuma chai ya mwingine ili wapalilie mahindi yao kabla giza halijaingia, hahitaji nimfafanulie zaidi.

Sasa namba. Katika uchaguzi wa mwaka 1913 bunge lilikuwa na viti 114. Venstre ilipata 44, chama cha wafanyakazi cha Demokrasia ya Jamii kikapata 32, Radikale wakapata 31, na wahafidhina 7. Chama cha tatu, basi. Hata hivyo waziri mkuu aliyetoka humo ni Carl Theodor Zahle, mtoto wa fundi viatu wa Roskilde, kwa sababu chama cha wafanyakazi kilikubali kumuunga mkono bila kuingia serikalini. Zahle alikaa hadi mwaka 1920.

Najua mnachotaka kusema: kwetu mfumo ni wa mshindi mmoja kwa kila jimbo, kwa hiyo mdogo hana pa kutokea. Denmark ya mwaka 1913 nayo ilikuwa na mfumo huohuo wa mshindi mmoja kwa jimbo! Radikale na chama cha wafanyakazi waliachiana majimbo. Huku kwetu kuachiana jimbo moja tu huleta vikao vya usiku kucha na kununiana kwa miaka mitano.

Nisimamie hapa kidogo, Mwenyekiti, hata kama utaniangalia kwa jicho hilo. Katiba ya Denmark ya mwaka 1849 ilitoa kura kwa wanaume wa miaka 30 na kuendelea, lakini Wadenmark wenyewe huhesabu makundi saba yaliyoachwa nje, wakiwemo wanawake, maskini waliopokea msaada, waliofilisika, na watumishi. Hao watumishi ndio wanaonikosesha usingizi. Mwanaume mzima, mwenye akili timamu, alinyimwa kura kwa sababu analala katika nyumba ya bwana wake na hana kaya yake mwenyewe. Hoja ilikuwa kwamba anayekula mezani kwa bwana atapiga kura ya bwana.

Ndugu zangu, mkoa huu umewalea watoto wa nusu ya Dar es Salaam kwa mikono ya mabinti zetu, kwa hiyo hoja hiyo tunaielewa kuliko yeyote. Mtaniambia kwamba kwetu mtumishi ana kura, na wazee wanaokumbuka kura tatu ya mwaka 1958, ile ya enzi za mkoloni ya kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja, iliyodai kisomo au kipato, wataniambia kwamba hayo yalikwisha. Sawa. Binti wa jirani yangu ana kadi ya mpiga kura, iliyoandikishwa kijijini kwao. Siku ya uchaguzi alikuwa Dar, akichemsha chai ya watu waliokuwa wakivaa viatu kwenda kituoni. Hakuna aliyemkataza. Kuhamisha taarifa zake kungehitaji ruhusa ya asubuhi moja, na asubuhi ndiyo saa ya kufua.

Tarehe 5 Juni 1915, chini ya serikali ya Zahle, katiba mpya ilitiwa saini, na wanawake na watumishi wakapata kura. Sidai kwamba Radikale waliifanya peke yao. Venstre na chama cha wafanyakazi waliitaka pia, na wahafidhina wakakubali baadaye. Nasema tu kwamba aliyekuwa ameshika mizani alikuwa na viti 31, na kwamba mwaka 1918, katika wanawake wanne wa kwanza kuingia bunge hilo, mmoja alikuwa Elna Munch wa Radikale.

Naona karatasi ya dakika. Basi haraka: mwaka 1920 mfalme alimfukuza Zahle wakati wa Pasaka, nchi ikatikisika, mfalme akarudi nyuma, lakini wapiga kura wakawaachia Radikale viti 17. Mwaka 1968 walipata 27, na Hilmar Baunsgaard akawa waziri mkuu. Mwaka 2022 walibaki na 7. Nilikuwa na maelezo marefu juu ya sheria za ardhi za mwaka 1919, ambayo sasa yanarudi mfukoni. Maswali yaanzie kwa akina mama waliokaa nyuma, maana safari iliyopita kipaza sauti hakikuwafikia.